Viungo Kukakamaa Msimu wa Baridi Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Mawese ya Kyela yakiwa bado Kyela, kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, yanamiminika kama maji. Yatie kwenye dumu, panda nayo hadi Tukuyu, pita Isongole kwenye ukungu, yafikishe Uyole, Mbeya, usiku wa Julai. Kesho yake asubuhi utayachota kwa kijiko. Mafuta hayajaharibika. Yasogeze karibu na jiko, yatikise kidogo, yanarudi kuwa yaleyale.

Mwili nao unafanya jambo linalofanana na hilo. Ute unaolainisha goti haugandi kama mawese, lakini baridi huufanya mzito kidogo. Misuli inajikaza. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni inajibana ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Halafu sisi wenyewe tunamalizia kazi: tunalala kwa muda wa saa nane tumejikunja, goti karibu ligonge kidevu, na tukiamka tunakaa palepale tumejifunika blanketi. Baridi ina sehemu yake, ila kwa niliyoyaona nyumbani kwetu, kutulia kunakakamaza kuliko baridi yenyewe. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina mambo mawili yanayofuatana: pasha kwanza, kisha sogeza. Anayesogeza kabla ya kupasha anajiumiza. Anayepasha asisogeze atakakamaa tena kabla chai haijapoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole. Goti langu la kulia liliumia kwenye netiboli nikiwa chuo cha ualimu, na halijanisamehe mpaka leo. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Makete, mahali ambapo sisi wa Uyole tukifika tunaona kwetu ni pwani. Mengi ya haya nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia nilipompeleka mama hospitali. Mengine tumeyajua kwa kukosea.

Jina la ugonjwa lisikutishe

Ukisema viungo vinauma wakati wa baridi, jirani wa kwanza atakwambia: hiyo ni baridi yabisi. Jina lenyewe limetoka mbali. Matabibu wa pwani waliorithi elimu ya Waarabu waligawa hali za mwili katika hari, baridi, yabisi na rutuba, yaani joto, ubaridi, ukavu na unyevu. Maradhi ya viungo yakapewa mbili kati ya hizo, na jina likabaki hata baada ya elimu yenyewe kusahaulika.

Leo daktari akisema baridi yabisi ana maana ya ugonjwa mahsusi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Wapo wanaougua Tanga na Dar es Salaam, wanatokwa jasho usiku kucha, na vidole vimevimba. Baridi ya Mbeya haikuuleta. Inaweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, na hata hapo watafiti waliolinganisha hali ya hewa na maumivu ya viungo hawajatoa jibu moja. Nasema haya kwa sababu nimeona watu wakinunua masweta matatu badala ya kwenda kupimwa.

Hatua ya kwanza: pima unakakamaa kwa muda gani

Kabla ya dawa na mazoezi, fanya kazi ya siku saba. Chukua daftari. Kila asubuhi andika saa uliyoamka na saa ambayo mwili umefunguka. Utajuaje umefunguka? Usitegemee hisia, tegemea kazi. Mama yangu anapima kwa kukamua kitambaa cha kuoshea vyombo: siku akiweza kukikamua mpaka maji yaishe, anasema "sasa mikono imeamka". Mimi napima kwa kushuka ngazi tatu za barazani bila kushika ukuta. Wewe unaweza kupima kwa kufunga vifungo vya shati.

Ukikuta unafunguka ndani ya nusu saa, na maumivu yako yanazidi ukitumia kiungo na kupungua ukipumzika, mara nyingi hiyo ni hali ya kiungo kuchakaa, kama goti la mtu aliyebeba ndoo na magunia miaka mingi. Mwongozo huu unakufaa. Ukikuta inachukua saa nzima au zaidi, vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye maungio, na mapumziko yanaongeza shida badala ya kuipunguza, nenda upimwe mapema. Baridi yabisi ya kweli ina dawa zinazozuia viungo visipinde, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Kuichua kwa mafuta miaka miwili ni kuipa muda wa kuharibu.

Hatua ya pili: ushindi wa asubuhi unaanza usiku

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe wako juu zaidi, na uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, ambako kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Baridi ya namna hiyo haingii kwa juu tu. Inatoka chini. Watu wanajifunika mablanketi mawili juu, na chini wana godoro jembamba lililolala kwenye saruji. Kama unalala chini, weka maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Ukiwa na blanketi la ziada, moja litandike chini yako. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Sasa jiko. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani na hawakuamka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi unaonekana salama, na ndio unaodanganya. Kufungua dirisha upenyo wa kidole hakutoshi. Mkiota moto jioni na mtu akalalamika kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote kwanza, kisha muulizane. Wakati wa kulala jiko linatoka nje, halibaki hata kama limefunikwa majivu.

Joto la kitandani lichukue kwenye maji. Maduka ya dawa yanauza mifuko ya mpira ya maji ya moto. Usijaze maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi. Yaache yapoe kidogo, jaza theluthi mbili, toa hewa, funga, kisha vingirisha kwenye taulo nene. Weka kitandani nusu saa kabla ya kulala, na ukishaingia utoe mfuko huo au usogeze mbali na ngozi. Chupa ya soda ya plastiki haifai, inajikunja kwa joto na kufumuka.

Hapa nina la kukiri. Miaka miwili iliyopita nilikwenda Makete likizo ya Juni, nikamwekea mama chupa ya maji ya moto miguuni. Maji yalikuwa yametoka jikoni, na nilizungushia khanga moja tu. Mama ana kisukari, na kwa mtu wa kisukari miguu inaweza kupoteza hisia bila mwenyewe kujua. Hakusikia chochote usiku kucha. Asubuhi kifundo cha mguu kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kware. Kidonda kile kilituchukua wiki saba kwenda zahanati na kurudi. Basi: mwenye kisukari, mwenye ganzi, mtoto mdogo na mtu aliyekunywa pombe asilale na kitu cha moto mwilini. Soksi za sufu zinamtosha.

Hatua ya tatu: dakika nane kabla ya kushuka kitandani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kufanya moja tu katika mwongozo huu, fanya hii, na uifanye ukiwa bado chini ya blanketi, kwa sababu joto la kupasha tayari unalo pale. Weka uji jikoni kama una wa kukusaidia. Ukichemka na wewe umemaliza.

Lala chali. Anza na vifundo vya miguu, maana viko mbali na moyo na ndivyo vilivyopoa zaidi. Vuta vidole vya miguu vielekee usoni kwako, kisha visukume mbele kama dereva anayekanyaga mafuta kupanda mlima wa Iwambi. Mara 20. Halafu chora duara kwa mguu, mara 10 kulia na mara 10 kushoto. Usishangae kusikia mlio wa kokoto. Mlio bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa.

Nenda kwenye goti. Teleza kisigino juu ya shuka kuelekea matakoni, taratibu, mpaka goti likukatalie, kisha linyooshe. Mara 10 kila mguu. Ukimaliza, nyoosha mguu na ubonyeze nyuma ya goti kwenye godoro kana kwamba unataka kumwua mdudu aliyejificha pale. Utaona msuli wa juu ya paja unasimama. Shikilia ukihesabu mpaka 5, legeza, rudia mara 10. Zoezi hili linaonekana la kijinga. Lakini msuli ule wa paja ndio unaobeba goti, na ukiwa dhaifu goti linabeba kila kitu lenyewe.

Kisha kiuno. Kunja magoti yote mawili, nyayo zikanyage godoro, na uyaangushe magoti pamoja kulia, halafu kushoto, kama mlango unaopigwa na upepo mdogo. Mabega yasiinuke. Baada ya mara chache utasikia mgongo unaachia. Hapo shika paja moja kwa nyuma ya goti, ulivute kuelekea kifuani, pumua mara tatu, badilisha.

Mikono iweke kwapani dakika moja ipate moto. Ndipo ufunge ngumi, polepole, bila kubana, na uifungue mpaka vidole vitanuke kama majani ya mpapai. Mara 10. Gusisha kidole gumba na ncha ya kila kidole, kimoja baada ya kingine. Mwenye vidole vinavyouma asilazimishe ngumi ijifunge yote; afike anapofika.

Kanuni ya kujua umezidisha ni hii: kuvutwa ni sawa, kuchomwa kama sindano si sawa. Na kama baada ya mazoezi maumivu yaliyoongezeka yanaendelea zaidi ya saa mbili, kesho punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa.

Kushuka nako kuna namna yake. Usiinuke moja kwa moja kwa mgongo. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono ukae. Ukikaa, zungusha mabega, hesabu mpaka 30. Wazee na wanaotumia dawa za presha hupata kizunguzungu wakisimama ghafla, na kuanguka kwenye sakafu ya saruji saa kumi na mbili asubuhi ni shida kubwa kuliko goti lililokakamaa. Ndala ziwe palepale, umevaa soksi. Nyayo zisiguse saruji.

Hatua ya nne: beseni

Maji ya uvuguvugu yanafanya kazi ambayo mafuta ya kuchua yanajitapa kuifanya. Jaza beseni nusu, yapime kwa kiwiko wala si kwa vidole vilivyokufa ganzi: yakuburudishe, yasikushtue. Tumbukiza mikono mpaka juu ya kifundo, kaa dakika 10, na humohumo ndani ya maji fungua na funga viganja, kamua sponji au kitambaa. Mama anaoshea vyombo vya usiku humo, anasema hawezi kukaa kama mgonjwa wakati vikombe vinamtazama. Nilimwuliza mtaalamu, akacheka, akasema ni sawasawa na zoezi.

Kwa goti au bega kuna soksi ya mchele. Nunua chenga, usipoteze mchele mzuri wa Mbarali. Tia vikombe viwili kwenye kikaango kikavu, koroga kwa moto mdogo mpaka zipate joto bila kubadilika rangi, mimina kwenye soksi nene ya pamba, funga fundo. Ijaribu kwenye mkono kwa ndani kwanza. Ilaze juu ya goti dakika 15 hadi 20, iliyofunikwa kitambaa, kisha inuka utembee. Chenga hizo utazitumia wiki nyingi, ila usimpe mtu azipike.

Moto haufai mahali pote. Kiungo kilichoteguka jana, au kilichovimba na chenyewe kina joto ukikigusa, kinataka kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15, siyo soksi ya mchele.

Hatua ya tano: choo na nguo

Watu wanaandika kuhusu mazoezi na kusahau choo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa, nje, asubuhi ya Julai, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa mwenye goti bovu. Mama alikuwa anapunguza kunywa maji ili asiende mara nyingi. Tuligundua alipoanza kukazwa na misuli ya mashavu ya miguu usiku. Dawa ilikuwa fundi seremala: kiti cha mbao kisicho na mgongo, kilichotobolewa katikati, kinachokaa juu ya tundu. Pembeni tukachimbia mti imara wa kushika wakati wa kuinuka. Fundi alituuliza mara mbili kama tuna hakika, maana hakuwahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Hakuna dawa tuliyonunua iliyomsaidia mama kuliko kiti kile.

Kwa nguo, nyingi nyembamba zinazidi moja nene: fulana, juu yake sweta, juu koti linalozuia upepo. Shingo na kichwa visisahauliwe. Mitumba ya Sido na Mwanjelwa ina masweta ya sufu ya bei ya kawaida, na sweta kubwa la kiume lililotoboka kiwiko lina kazi nyingine: kata mkono wake, kipande cha kuanzia kiwiko hadi begani, fundi cherehani akunje pindo, na una kivalio cha goti. Kiingie bila kugombana. Kikiacha alama ya mstari kwenye ngozi kinabana, na kinachobana kinazuia damu unayoitafuta. Kwa sababu hiyohiyo usilale umefunga goti kwa khanga iliyokazwa.

Nguo iliyolowa ni mbaya kuliko nguo chache. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe wanalijua hili: umande wa majani unalowesha kuanzia kiunoni kwenda chini kabla jua halijachomoza. Aproni ya plastiki mbele, gambuti, na soksi kavu za kubadilisha kwenye mfuko.

Hatua ya sita: kazini

Kwetu baridi imekutana na mavuno. Juni na Julai ndipo mahindi yanapovunwa, yanabebwa na kupukuchuliwa. Mtu anakaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamekunjwa, anapukuchua tangu asubuhi, na akitaka kuinuka anainuliwa na watoto. Weka alama ya kusimama. Saa hatuitazami shambani, basi tumia debe: kila debe likijaa, simama, nyoosha mgongo, zunguka rundo mara mbili. Kigoda badilisha kwa kiti cha kawaida. Na gunia lisiwe kitu cha kwanza unachogusa asubuhi. Anza na kazi nyepesi dakika 15, ufagie uwanja, uwafungulie kuku, mpaka uone unataka kuvua koti. Hapo misuli imepata moto.

Dereva wa bodaboda anapigwa na upepo magotini kuanzia Uyole mpaka Mbalizi. Gazeti lililokunjwa ndani ya koti na ndani ya suruali juu ya magoti ni ujanja wa zamani na unafanya kazi, kwa kuwa karatasi inazuia upepo. Ila avae glavu pia, na akisubiri abiria asikae juu ya pikipiki, ashuke atembee.

Wa ofisini na darasani tuna dhambi yetu: kukaa. Mimi nasahihisha madaftari, na nimejiwekea kwamba kila daftari la 10 nasimama na kukaa mara 5 bila kushika meza. Mchana wa Julai jua la huku ni zuri. Wazee wanatoka kuota jua, na waote, ila walioketi ukutani mpaka saa kumi wanaingia ndani wamekakamaa kama walivyotoka. Mpe babu kazi ya kuchambua maharage, mwombe akusindikize mpaka barabarani.

Dawa, za kupaka na za kumeza

Dawa za kuchua zenye mentholi au mikaratusi hupumbaza maumivu kwa muda kwa kuishughulisha ngozi. Hazifiki ndani ya kiungo. Hazidhuru, mradi usipake juu ya kidonda na usiweke kitu cha moto juu yake, maana vikikutana vinaunguza. Jeli ya diklofenaki ina nguvu zaidi kwa goti na vidole, na ni salama kwa tumbo kuliko vidonge vyake. Kuchua kwenyewe ni kuzuri kwa misuli. Usichue kiungo kilichovimba na kupata moto, na usichue kabisa shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma ghafla. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na hiyo ni ya hospitali.

Parasetamo ya mg 500: mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza 2 kwa wakati mmoja, zisizidi 8 kwa saa 24, na asichanganye na pombe. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu kweli, lakini zinatafuna tumbo, zinachosha figo na kupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au presha, mjamzito na mzee asizimeze kabla ya kumwuliza mtaalamu. Hizo mbili zisimezwe pamoja, ni ndugu wa familia moja.

Na vile vidonge vya karatasi. Niliwahi kuuziwa vya rangi tatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina. Goti lilipona siku ya pili, nikaimba. Wiki ya tatu tumbo lilikuwa linawaka usiku. Michanganyiko ya namna hiyo, na baadhi ya unga unaouzwa minadani kama dawa ya mizizi, inaweza kuwa na predinisoloni, dawa nzito inayopandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, tena ambayo baada ya matumizi ya muda mrefu haiachwi ghafla. Dawa isiyo na jina usiimeze.

Bamia na kongoro

Nitapita haraka. Maji ya bamia hayageuki kuwa ute wa goti. Yakishuka tumboni yanameng'enywa kama mboga nyingine yoyote. Supu ya kongoro inapasha mwili na ni tamu, ila haiendi kwenye goti kwa kuwa ilitoka kwenye mguu wa ng'ombe. Kinachosaidia goti ni uzito kupungua: kila kilo 1 unayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Kunywa maji hata kama huoni kiu.

Mwenye jongo, ugonjwa unaolipua dole gumba la mguu usiku likawa jekundu hata shuka halivumiliki, apunguze nyama, maini na hasa pombe. Kwake yeye baridi ina hatia ya kweli, maana chumvi za asidi ya uriki hujiganda kwa urahisi zaidi mahali palipopoa, na dole gumba ndilo limepoa kuliko vingine.

Usisubiri Agosti iishe

Kiungo kimoja kilichovimba, chekundu, cha moto, na homa juu: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Usaha ndani ya kiungo unakiharibu kwa siku chache. Mtoto anayechechemea akiwa na homa, vilevile. Mtoto ambaye alipata maumivu ya koo, na wiki mbili au tatu baadaye goti linauma, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo, apimwe moyo. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ugonjwa tofauti na ile baridi yabisi ya mwanzo, na inaweza kuacha kovu kwenye moyo. Mwenye selimundu baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Avikwe, anyweshwe maji, na akizidiwa asikae nyumbani kuchuliwa.

Maumivu ya mgongo yasiyoisha pamoja na kukonda na jasho la usiku yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Na kama unakunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari, hata asipouliza. Ugonjwa wa bruselosisi huuma mgongo na viungo, homa inakuja na kuondoka, na huku kwetu wengi wanautibu kama malaria mara tatu kabla ya kupimwa.

Siku ya kwenda, beba lile daftari la siku saba. Dawa zote unazotumia zitie kwenye mfuko mmoja, pamoja na ule unga wa mnadani unaoona aibu kuutaja, na umwage vyote juu ya meza ya daktari. Vaa suruali pana inayopandishwa mpaka juu ya goti, au gauni. Mama alikwenda amevaa taiti mbili na suruali juu, na robo ya muda wetu na daktari ilipita tukimvua.